Siku Barwaza Walipofungiwa Nje

Ukitaka kumchekesha Nasiba, mpaka leo, mtajie kiti. Atashika mbavu! Atakwambia habari za marehemu mumewe Hakizimana, seremala wa Kadutu kule Bukavu, aliyeanza kumchumbia kwa kisingizio cha kutengeneza kiti cha kwao. Alikuja kukigonga msumari, akarudi kukiangalia, akarudi tena kukilegeza ili akikaze, mpaka baba mtu akachoka: "Weye kijana, unatafuta kiti ao unatafuta mutoto wangu?" Siku zile, jamani! Jioni mtaa mzima unanuka maranda na sambaza, samaki wale wadogo, wa kukaanga, na Hakizimana huyo anarudi na vumbi la mbao kwenye kope, mpole kama maji ya mtungi. Chakula kimeungua, atakula. Hakina chumvi, atakula. Atasafisha sahani na kusema alhamdulillah, kwa sababu bibi yake alimlea hivyo: ulichopewa usikibakize.

Vita vya tisini na sita vikaja. Karakana ikaporwa mpaka misumari, wakavuka mto Rusizi na watoto mgongoni, wakapanga chumba Kamembe. Nasiba akashona, Hakizimana akaranda, maisha yakaanza kusimama. Lakini vita vya pili vilipowaka ng'ambo, mizinga ikasikika mpaka jikoni, na mwanaume akaanza kupotea akiwa amekaa pale pale. Akaipiga randa meza ya nyumbani, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ikabaki nyembamba kama chapati. Ukimwuliza, anakwambia anatafuta ndani yake mlango ambao risasi haiujui. Nasiba alilia akamaliza, akabeba mkeka na mbabula, jiko lake la makaa, akampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili iliyokuwa kilimani. Jina la nyumba ile silitaji, na siku hizi haipo. Alitaka jambo moja tu, amrudishe mumewe nyumbani akiwa hai.

Na nikwambie ukweli, pale wagonjwa hawakulindwa na mshahara wa mtu. Muuguzi alikuwa mmoja, Vénuste, na wodi zimejaa. Waliolinda ni barwaza, ndugu wanaokaa na mgonjwa wao: kumwogesha, kumpikia uani, kumshika mkono akitaka kuruka ukuta. Hata dawa. Asubuhi Vénuste alipita na vidonge vya siku nzima vilivyokunjwa kwenye karatasi, akaviweka mkononi mwa murwaza, basi. Murwaza ndiye aliyempa mgonjwa kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyeona hatari. Ndivyo kazi ilivyokwenda.

Ua ule Nasiba anautamani hadi leo, usimcheke. Murwaza mwenzake, Mukakalisa wa Nkungu, alileta viazi vitamu, Nasiba Ijumaa alipika pilau, sahani zikazunguka bila kuulizana dini. Kitanda cha pili kutoka kwa Hakizimana alilala Muderhwa, jitu la miraba minne kutoka ng'ambo, lisilo na ndugu hata wa kulipa maji. Nasiba akawa anapika kwa ajili ya wote wawili. Muderhwa alishinda dirishani akipiga kelele, mara ndege zinakuja, mara askari wako chini ya kitanda, mara dunia imekwisha. Barwaza walishamzoea.

Ikaja siku ya wageni kutoka Kigali. Direkta, mkuu wa nyumba ile, akaona haya kwa mbabula zao za uani, moshi ule na mikeka ile. Akaamuru barwaza wote watoke nje ya geti mpaka wageni waondoke, na wodi zifungwe kwa ufunguo ili pawe kimya.

"Direkta, na dawa je?" Nasiba aliuliza.

"Muganga yupo, Maman. Iyo haiko kazi yako."

Muganga mwenyewe, yaani Vénuste, alikuwa anaitwa huku na huku, viti, maji, wageni wamefika. Akafanya alivyozoea. Akapita mbio na karatasi zake, na kwa kuwa mikono ya kupokea haikuwepo, akaiacha kila moja kwenye sahani kando ya kitanda, wodi zikafungwa na ufunguo ukapelekwa kwa Direkta. Hakizimana akaona amewekewa kwenye sahani. Akamaliza vyote, bila shaka akasema na alhamdulillah yake.

Nje, barwaza wamekaa majanini, sauti ya Muderhwa ikawafikia: "Mzee amemeza yote! Mzee haamuke!"

"Eh, leo ndege zimepumzika," Mukakalisa akasema, wakacheka. Nasiba naye alicheka. Halafu moyo ukamlipuka, kwani Muderhwa siku zote aliruka kutoka jambo hadi jambo, na leo alirudia hilo hilo moja. Akakimbilia getini.

"Maman," zamu, yule mlinzi wa geti, akamzuia, "miye muzima hunisikie, unasikia wazimu?"

Nasiba hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake. Siku hiyo alimsukuma zamu, akapita katikati ya wageni akilia, akaomba ufunguo. Direkta alikuwa anahutubia. Alimwonyesha kiganja: subiri. Nikikifikiria kiganja kile nachukia mpaka kesho! Mgeni mmoja ndiye aliyesimama na kusema mlango ufunguliwe. Walimbeba Hakizimana kwa gari la wageni, akafia njiani, kichwa kwenye mapaja ya mkewe.

Direkta alikuja matangani, akakaa mkekani na watu wengine. "Maman, ni mapenzi ya Mungu."

"Mapenzi ya Mungu siyakatai," Nasiba akamjibu, taratibu kabisa. "Lakini ufunguo, Direkta, ulikuwa mfukoni mwa nani?"

Mtu yule aliinama akatafuta viatu vyake, na wanawake wakampisha njia.

Eda ilipokwisha, watoto walimkuta Nasiba anafunga mkeka na mbabula. Mama, unakwenda wapi tena, mgonjwa wetu si tulishamzika? Alipanda kilima polepole akapumzika mara kadhaa, maana mwili ulikuwa umeisha, mpaka akafika getini.

"Maman Nasiba, pole," zamu akasema, macho chini. "Unaona nani sasa?"

"Muderhwa."

"Weye ni nani yake?"

"Mimi dada yake."

Zamu alijua vizuri kwamba Muderhwa hana dada upande huu wa mto. Akafungua geti.