Gari Iliyoombewa Kabla ya Kununuliwa

Hapa kwetu Silanga kuna watu ambao hadi leo wakikutana nami hawanisalimii, wananitikisia kichwa tu na kucheka, nami naendelea kutembea kama mtu aliyesahau ufunguo, kwa sababu najua wanachokumbuka, na nikikisimulia mwenyewe angalau nitakisimulia sawasawa.

Baba yangu ni seremala. Kabati zake nyingi zinaagizwa Kawangware, na zilikuwa zinapelekwa kwa mkokoteni, zinafika zimekwaruzwa, mteja ananuna, Baba anarudi kupiga msasa upya. Basi mwaka ule nikiwa Fomu Tatu akaamua kununua gari, moja tu, maana pesa ya kukosea na kununua nyingine haikuwepo. Alizipata mbili za kuchagua: ile ya bluu ya Bwana Mutiso, mfanyabiashara wa Kawangware, gari ndefu yenye mlango wa nyuma, na pikapu ya mwalimu mmoja wa Ayany. Baba hawezi kununua hata kiti bila kukitikisa, kwa hiyo alisema zote mbili ataziendesha, tena ataziendesha kwenye barabara yetu mbovu, na akabeba pima maji yake aiweke juu ya bodi aone kama gari imekaa sawa. (Ndiyo, pima maji ya kujengea kabati.)

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya masikio. "Wewe unasikiliza injini," Baba aliniambia, "lakini mdomo ufunge. Mwenye gari akijua tunaipenda, bei inapanda papo hapo."

Kufunga mdomo ndiyo kazi pekee ninayoiweza bila kufundishwa. Kwaya ya kanisa wameniweka safu ya nyuma na hata hapo wanasema hawanisikii.

Jumamosi hiyo tukatoka Kawangware, Baba kwenye usukani, Bwana Mutiso kando yake akisifu kila kitu mpaka kioo cha pembeni, mimi nyuma nikisikiliza. Kwenye lami gari ilikuwa tamu, sidanganyi. Tulipofika Silanga Baba akasimama mbele ya karakana yake, akaingia kuchukua kabati aone kama litaingia, na Bwana Mutiso akamfuata mbio amsaidie kubeba ili rangi ya gari yake isikwaruzwe. Nikabaki peke yangu kwenye kiti cha nyuma, kama binti wa mkubwa fulani.

Ndipo kichwa cha Mama Timina kikaingia dirishani. Mama Timina anauza makaa pale jirani na ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu.

"Rasoa! Kwani hii gari ni yenu?"

Sasa, mtu mwenye haya akiulizwa swali huwa hatafuti jibu la kweli, anatafuta jibu fupi. Kusema "hapana" kungeleta "kwa nini" na "basi ni ya nani". Nami nilikuwa nimeambiwa nifunge mdomo. Tena (niwe mkweli) kile kiti kilikuwa kimeshanizoea. Nikatikisa kichwa: ndiyo.

Vigelegele alivyopiga vilisikika mpaka kwenye bwawa.

Kanisani kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani bila maombi. Cherehani ya jirani iliombewa, redio yetu iliombewa, sembuse gari, na akina mama siku hiyo walikuwa pale juu ya kilima wakifagia kanisa. Walikuja na kayamba, wakachomeka maua kwenye wipa, na Mchungaji akaja akivaa koti njiani, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti na kufumba macho.

Baba na Bwana Mutiso wakatoka na kabati, mmoja huku, mwingine kule. Na kwetu maombi hayakatizwi, hata kama sufuria inaungua. Wakasimama wamelishika hilo kabati, Baba jasho linamtiririka na macho yake yako kwangu, Mchungaji anapita kila gurudumu kwa zamu. Bwana Mutiso alianza kwa kushangaa, akaelewa, akatabasamu. "Amina" yake ndiyo iliyotoka kubwa kuliko zote.

"Mzee," akamnong'oneza Baba, "ile bei ya asubuhi tuisahau. Gari ya watu imeshaombewa, sasa utairudishaje?"

Baba hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu safari ya kwanza baada ya maombi ni ya kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu siku hiyo ilikuwa kupeleka akina mama kanisani. Kabati likaachwa nje, wakaingia wao, Mama Timina na gunia lake la makaa, Mchungaji mbele amembana Bwana Mutiso. Mimi nilikuwa chini ya mtu, sijui nani.

Kwenye kile kilima injini ikaanza kukohoa. Wimbo ulikuwa juu, ukashuka, ukawa mguno. Moshi ukaingia, gari ikasimama, ikafikiri kidogo, halafu ikarudi kinyumenyume polepole mpaka kwenye shamba la sukuma wiki, ikazama.

"Baba Rasoa!" Mama Timina akapiga kelele kutoka ndani. "Gari yako inakataa wokovu!"

"Haijazoea tu," alisema Bwana Mutiso.

Watu wa mtaa wote wakaja. Mchungaji akavua koti, akasukuma, akapakwa matope, kisha akasema hapa kuna roho chafu kwenye injini, tuombe tena. Nikaona mikono inainuka, nikamwona Bwana Mutiso anafumba macho tayari kwa amina nyingine, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa, Baba atanunua hii gari kwa aibu yangu na kabati zitarudi kwenye mkokoteni.

"Si yetu!" nilipiga kelele. "Bado tunaipima!"

Mikono ikashuka. Hata kayamba.

"Sasa wewe," Mama Timina akauliza, "ulitikisa kichwa cha nani?"

Gari ikasukumwa hadi barabarani, na Bwana Mutiso akarudi Kawangware na maua yake kwenye wipa. Wiki iliyofuata Baba aliileta pikapu ya Ayany, na kwa kuwa yeye hupima vitu kwa haki, aliwaomba akina mama walewale na gunia lilelile, kilima kilekile. Walipanda, lakini hawakuimba. Pikapu ikapanda bila hata kubadilisha sauti. Baba akainunua.

Jioni tulipoileta nyumbani hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji alisema baraka yetu alishaitoa, iko Kawangware. Mama Timina akaja mpaka dirishani, mikono kiunoni.

"Rasoa. Ni yenu?"

Nilihisi kichwa kinaanza kushuka chenyewe. Nikakishika kidevu kwa mkono.

"Ni yetu, Mama Timina."

"Sikusikii."

Nikapanda nyuma ya pikapu, nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo kwaya haijawahi kuipata, na mbwa wa Silanga wakajibu kabla ya akina mama. Tangu siku hiyo mimi nikiulizwa swali najibu kwa mdomo. Kichwa nimekiachia kazi ya kubeba maji.