Mfuko wa Kulia

Nianze kwa kusema wazi: kazi ya kiwandani naidharau. Niliidharau kabla sijaifanya, nikaidharau nilipoanza kuifanya, na leo hii bado ninaamka alfajiri kwenda kuifanya huku naidharau. Mtu asije akanisoma akidhani mwishoni nitatubu.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, mtoto wa fundi cherehani. Baba yangu alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la familia moja ya Waarabu, na alipofariki nikakalia kiti chake. Kwa miaka ishirini na miwili nimeshona kanzu za Idi, suti za mabwana harusi, na magauni ya wanawake wa Kinanira waliokuwa wakishuka na magari yao mpaka kwenye vumbi letu, kwa sababu huko kwao mlimani kuna majumba lakini hakuna mkono unaojua kukata kola. Mteja akija, simpimi mpaka nimemtazama akitembea. Bega moja likiwa chini, nimeshalijua. Kitambi kikiwa njiani kuja, nakijua kabla ya mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia anaenda kutafuta kazi kiwandani, nilikuwa nacheka. Na walikuwa wengi, mpaka leo ni wengi. Kuna watu wanakaa wanasema ati vijana wa siku hizi hawataki viwanda, wanataka simu na kivuli. Waongo! Waje waone geti la kile kiwanda cha sare za shule, kule kwenye mtaa wa viwanda, saa kumi na mbili asubuhi. Utamkuta kijana mwenye shahada ya uchumi, shati limepigwa pasi, ameshika bahasha ya diploma kana kwamba cherehani kitamwomba akisomee. Utamkuta mama aliyeacha meza yake ya ndizi, meza yake mwenyewe, aje kupigiwa kengele ya kula. Wakichukuliwa wanapewa beji, na beji hiyo hawaivui tena. Mmoja wa mtaani kwetu aliivaa Ijumaa msikitini, sijui alidhani malaika watamwuliza kitambulisho. Mimi na mafundi wenzangu pale barazani tulimcheka mpaka Alasiri ikaadhiniwa.

Haya, kweli isemwe. Baraza lenyewe halikuwa likitulisha kama zamani. Ramadhani ikifika fundi halali, Idi ikipita anakaa anapiga mbu. Na mitumba imejaa kila kona, mtu ananunua suti ya maiti wa Ulaya, anakuletea umpunguzie mikono. Lakini tulikuwa tunaishi, na hakuna aliyetupigia kengele.

Kisha binti yangu akatimiza miaka mitano.

Binti yangu ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao sisi huku tunauita drepano. Ukimshika, mifupa inamuuma mpaka sauti inamkauka kwa kulia, na anatakiwa atundikiwe serumu, maji ya mshipani, upesi, wakati mwingine damu. Hapa kwetu mtoto aliye chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Akishatimiza, ni wako na Mungu wako. Siku ile mke wangu alipika pilau kumfurahisha mtoto, na mimi niliila kama mtu aliyekaa matangani. Tangu hapo, kila aliposhikwa, tulitumwa kwanza dirishani kuweka dhamana, mtoto analia kwenye benchi, na mimi nakimbia mpaka mtaa wa Kibenga kugonga milango ya wateja niwaombe malipo ya nguo ambazo sijazishona. Mara moja nilichelewa kurudi. Nilimkuta amezimia mikononi mwa mama yake, na mama yake akanitazama tu. Niliogopa sana siku ile.

Kiwanda kilikuwa kinatoa kadi ya matibabu kwa mfanyakazi na watoto wake. Unamaliza miezi mitatu ya majaribio, unapewa. Mke wangu alilijua jambo hilo siku nyingi, alikuwa ananingoja tu nichoke.

"Baba watoto," akaniambia, "kesho uende kwa geti."

"Mi? Fundi muzima, niende kusimama na watoto?"

"We unataka heshima. Mutoto anataka serumu."

Mama mkwe wangu alikuwepo, na huyo hajawahi kuniacha nipumue. "Kazi mbaya si mchezo mwema, mukwe," akasema, huku anachambua mchele wake. Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa hawakusema uongo.

Nikaenda. Kwa miguu, kwa sababu petroli ilikuwa imepotea mjini na mabasi yamelala. Mtu wa kuajiri alitoka na daftari lake akauliza nani anajua kushona. Nikainua mkono juu kabisa. Nikataja miaka yangu ishirini na miwili, nikataja na baba yangu. Uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeuma limau.

"Fundi wa Buyenzi? Apana. Nyinyi munatusumbuaka sana. Munajua mingi."

Kijana wa shahada ya uchumi, ambaye sindano anaiona kwa mama yake, akaingizwa palepale. Mimi nilirudi siku nne. Siku ya nne nilimwambia yule bwana nitafanya lolote nitakaloambiwa na mdomo wangu nitaufunga, akanitazama sana, akanipa beji. Barazani walipoiona hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Sasa sikiliza kazi niliyopewa. Mfuko. Mfuko wa nyuma wa suruali ya shule, na usidhani ni mifuko yote miwili: wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa yule mwenye shahada. Suruali inakuja, unabandika mfuko, unaisukuma mbele. Mwenye kuivaa humwoni, hujui mnene wala mwembamba. Asubuhi mfuko wa kulia, mchana wali na maharage, na maharage yenyewe si mabaya, nisiwe mwongo, kisha mfuko wa kulia mpaka jioni. Jumamosi mkurugenzi anapanda juu ya kreti kutuambia kwamba sisi sote ni familia moja. Familia gani, ebo! Nyumbani kwangu hatusaini karatasi kwenda kukojoa.

Shefu wa laini yetu, yaani mkuu wa safu yetu ya washonaji, alikuwa msichana wa mtaa wa Gasenyi aliyesomea usimamizi. Hakujua kutia uzi kwenye sindano. Wallahi simsingizii, nilimwona anajaribu, akalamba uzi, akaulamba tena, mwishowe akaita mtu. Huyo ndiye aliyekuwa akipita nyuma yangu ameshika saa, ananipima mwendo.

Mwezi wa kwanza nilivumilia. Mwezi wa pili macho yangu yakaanza kuniponza. Suruali zilikuwa zinanifikia zimeshonwa hovyo, mguu umejipinda, mshono wa katikati umekwenda upogo, ukiuvuta kidogo unafunguka. Mtoto wa watu atainama darasani kuokota kalamu, awe kichekesho mpaka amalize shule. Ningeziacha vipi? Mkono wangu ulikuwa unachukua wembe wenyewe. Nafumua, nanyoosha, nashona upya, ndipo nabandika mfuko wangu. Nyuma yangu lundo linapanda, mbele yangu watu wa vifungo wamekunja mikono wanapiga miayo. Shefu akanionya kwa mdomo. Akanionya tena kwa karatasi. Na mimi, kichwa changu kigumu, nikawa najiona ndiye mtu pekee mwenye akili ndani ya jengo lile. Zikiwa zimebaki siku tisa nimalize majaribio, nilifumua suruali kumi na mbili mfululizo, laini yote ikasimama.

Akaniita pembeni. Karatasi ya kunifukuza ilikuwa imeshajazwa, bado sahihi yake tu.

"Mzee, mi najua zimepindika," akasema. "Nina macho."

"Sasa?"

"Sasa hiyo suruali mutoto ataivaa mwaka moja. Ikimaliza miaka mbili, mwaka kesho tutashonea nani?"

Ningekuwa barazani kwangu ningemtolea maneno ambayo hajawahi kuyasikia tangu azaliwe. Mtoto wa juzi ananifundisha kwamba nguo mbaya ndiyo nguo nzuri! Lakini wiki ile binti yangu alikuwa ameshikwa mara mbili, na asubuhi ile mke wangu aliniaga mlangoni kwa neno moja tu: "Tisa."

"Unataka nifanye nini?" nikamwuliza.

"Uombe pardo mbele ya laini. Na huo wembe unipe."

Nilikolelewa mimi, mdogo ndiye anayemwomba mkubwa msamaha, hata mkubwa akiwa ndiye mkosa. Vyerehani vikazimwa. Nikasimama katikati yao, mtu mwenye ndevu, nikamwambia msichana anayelingana na mdogo wangu wa mwisho: "Nisamehe, shefu. Nisameheni nyote. Nimeshika kazi isiyo yangu." Mwenye shahada akacheka kwa pua. Nikautoa wembe, msichana akautupa kwenye droo yake. Wazee walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Hawakusema kwamba mvunguni kunanuka.

Siku tisa zile nilijifunza jambo ambalo baba yangu angenipiga kofi kwa kulijua: kuona na kuacha. Suruali imepinda, naiona, nabandika, nasukuma. Mwanzoni nilijitetea moyoni kwamba angalau mfuko wangu umenyooka. Siku ya saba na wenyewe ukaanza kwenda upogo, na shefu akanisifu kwa mwendo mzuri. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau yeyote getini, na nikaendelea kushona.

Kadi ikatoka. Ilikuwa na picha ya binti yangu amenuna, maana mpiga picha alimwambia asitabasamu.

Haukupita mwezi, Jumapili moja asubuhi, drepano ikamshika. Tulifika hospitali, nikapenyeza kadi dirishani. Karani hakunitazama hata usoni. Aliigeuza, akaandika, akagonga muhuri, akasema, "Pita." Basi, hivyo tu. Mimi niliyezoea kubembeleza, kuapa, kuacha simu rehani, nilibaki nimesimama mpaka mke wangu akanisukuma. Muda si muda serumu ilikuwa inaingia, mtoto amelala, na mama yake ameinamisha kichwa kwenye godoro naye kalala. Nilitazama huku na huku mle wodini nikitafuta cha kudharau, nikakosa. Nikatoka nje ya wodi.

Kwenye benchi ya ukumbini alikaa mwanaume wa rika langu, amempakata binti yake. Mtoto analia kilio ninachokijua, cha mifupa. Walikuwa hawajaitwa. Huyo bwana alikuwa fundi seremala, sikuwa na haja ya kuuliza. Unga wa mbao ulikuwa umemkaa kwenye nyusi, na kidole gumba kilikuwa na kovu la patasi. Mikono mizuri, mikono ya mtu ambaye mlango wake ukifunga, umefunga. Alikuwa ameniona pale dirishani.

"Kaka," akasema, "ile karte, unaipataka wapi?"

Nikamwambia ni ya kiwanda cha sare za shule, kule mtaa wa viwanda.

"Wanachukua watu bado?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Miezi yote ile nilikuwa nimeyalimbikiza, natafuta mtu mzima, fundi kama mimi, atakayeelewa, nimmwagie yote mpaka moyo upoe. Nikafungua mdomo. Binti yake akajipinda mapajani mwake, akamng'ata bega, na yeye hakusogea, akamwachia aume.

"Uende kesho," nikamwambia. "Saa kumi na moja uwe kwa geti, shati ikuwe na pasi. Wakikufukuza, urudi."

Akatikisa kichwa kukubali. Midomo yake ikawa inarudia saa ile ili asiisahau.

"Na wakikuuliza kama we ni fundi," nikasema, nikitazama ukutani nisiione ile mikono, "sema apana."