Nyumba ya jirani iliyogeuzwa jalala Nyamirambo mwaka 1994, na siku mwenyewe alipotokea

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Juzi nilisoma uzi humu watu wanabishana kwa nini Kigali ni safi. Mmoja anasema ni faini, mwingine anasema ni askari. Nikaona niweke na langu. Sitawapa chai. Haya niliyaona kwa macho yangu na mikono yangu iliyashika.

Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa Karagwe, Tanzania. Wazazi wangu walikimbilia kule zamani.

Mwishoni mwa 1994, vita vilipokwisha, mimi, mume wangu Kalisa na binti yetu mdogo Aline tukaingia Kigali. Tukapata vyumba Nyamirambo, uani kwa fundi cherehani anaitwa Mzee Yusufu. Mwislamu, mzaliwa wa hapo hapo. Kiswahili chake kilinifariji sana, maana Kinyarwanda changu kilikuwa kinachekesha watu.

Vita sitavisimulia. Sikuwepo, na waliokuwepo wana haki ya kusimulia wenyewe. Mimi nitasimulia takataka.

Mnaoijua Kigali ya leo mtashindwa kuamini. Gari la taka hakuna. Maji ya kubahatisha. Mkabala na kwetu kulikuwa na nyumba tupu, milango imeng'olewa, mabati yamebaki nusu. Mtaa mzima ulikuwa unatupa taka kwenye ua wake. Maganda, majivu, makopo, vitambaa vilivyooza, chupa zilizopasuka. Lundo lilishapita kimo cha ukuta likawa linamwagikia barabarani.

Nzi ndio usiseme.

Kisha watoto wakaanza kuhara damu. Aline wangu alikuwa mmoja wao. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati nikimhisi mwepesi kama kanga iliyokauka. Mungu mkubwa, alipona. Ila nilirudi nimeapa kwamba lile lundo litaondoka.

Tukaita majirani. (Hakuna aliyetaka kuiita kazi ile umuganda, jina la kazi za pamoja za mtaa. Neno lile wauaji walikuwa wamelitumia vibaya mno miezi michache nyuma, tukasema tu "kusaidiana".)

Jirani mmoja akatoa wazo: tutafute mapipa, yale wenyeji wanaita ingunguru, tuyaweke mle mle kwenye ile nyumba, pawe jalala rasmi la mtaa. Wengi wakaitikia.

Mzee Yusufu akakataa.

"Ile nyumba ni ya Speciose," akasema.

"Mzee, Speciose hayupo. Hata mabati yake yameshachukuliwa."

"Kutoonekana siyo kufa. Na hata kama amekufa, nyumba ya mtu siyo jalala."

Hapo wazo likafa.

Sasa mapipa yakae wapi? Wakuu, hapo ndipo utawajua majirani. Huyu ana mgonjwa ndani, yule upepo unaelekea jikoni kwake. Mwishowe Mzee Yusufu akasema yakae mbele ya duka lake.

Mkewe, Bi Mariamu, akaja juu. "Yaani wateja waje kupimwa nguo kwenye harufu ya maganda?"

"Wakija watapimwa haraka haraka," mzee akajibu. Watu wakacheka. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtaa ule ukicheka.

Mapipa kuyapata ilikuwa kazi, kila mtu alikuwa anayatafuta ya maji. Kalisa, ambaye ni dereva, akapata mawili kwenye gereji. Kitu cha kwanza aliyatoboa matundu chini kwa msumari mnene. Nikamuuliza anaharibu kwa nini. "Yakishika maji," akasema, "kesho hatuyakuti."

Kabla ya kugusa lundo tuliita askari waje kulikagua. Namshukuru aliyelikumbuka hilo. Katikati ya makopo walikuta guruneti. Wakatusogeza mbali, wakaliondoa bila makelele. Kila mzazi alikuwa anamtafuta mtoto wake kwa macho. Pale ndipo watoto walipokuwa wanachezea.

Walipotuambia ni salama tukaanza. Koleo, majembe, wengine masufuria mabovu. Maganda yalikwenda kwa jirani mwenye mbuzi. Makopo alichukua fundi bati akatengenezea vibatari. Vioo na uchafu mwingine tukafukia bondeni. Leo mnaiita recycling na mnaifanyia semina. Sisi tulikuwa tunapunguza mzigo wa kubeba tu.

Ua ukaonekana tena. Bi Mariamu, yule yule aliyekasirika, akawa anaufagia kila akimaliza wa kwake.

Zikapita wiki kadhaa.

Alasiri moja nilikuwa naanua nguo nikaona mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, kamfuko mkononi, amesimama mbele ya ile nyumba. Haingii, haondoki. Cherehani ya Mzee Yusufu ikanyamaza. Akatoka na futi yake bado shingoni.

"Speciose?"

Hawakukumbatiana. Walishikana mikono tu, wakakaa hivyo muda mrefu.

Baadaye akaingia uani, akauzunguka polepole.

"Nani alifagia?" akauliza.

"Sisi majirani," nikamwambia.

"Njiani waliniambia kwangu iko jalala," akasema. "Nilikuja kuona tu, halafu nirudi nilikotoka."

Hakurudi. Alilala kwa Bi Mariamu mpaka Kalisa na wenzake walipomwezekea chumba kimoja. Alikuwa peke yake. Wa kwake wote hawakuwepo tena, na hatukumuuliza.

Siku alipohamia alimwita Mzee Yusufu akamwambia, "Ile ingunguru moja, leteni hapa kwangu, mlangoni."

Tukakataa wote kwa pamoja. Haiwezekani, wewe wa kuwekewa taka tena?

"Leteni," akasema. "Hapa hakuna mtu anapita. Mkileta takataka mtakuwa mnanisalimia."

Kalisa na mzee wakalibeba jioni ile ile.

Kesho yake, wakuu, pipa lile lilikuwa na foleni. Nilimwona Bi Mariamu akivuka barabara na ganda la kiazi kimoja kwenye kiganja, anatembea bila haraka, na Speciose amesimama mlangoni anamsubiri.

Nilichojifunza: faini na askari vinasaidia, sibishi. Lakini mtaa wetu ulianza kuwa safi siku tulipokubali kwamba hata asiyekuwepo ana kwake.

Mliokuwa Kigali miaka ile, nirekebisheni nilipokosea. Na nyie wa Dar, Kampala na Goma, tuambieni: pipa la mtaa wenu liko mlangoni kwa nani, na alikubalije?