Sanda za Sukari

Siku mjukuu wangu aliponiomba nimwonyeshe jinsi sanda inavyofungwa, ilinipasa nimwambie hapana. Nimeshawakatalia watu mambo makubwa kuliko hilo. Lakini aliomba huku anacheka, mikono imejaa chokoleti, nami nikataka nionekane babu anayejua jambo.

Alikuwa na biashara yake ya keki, watu wanaagiza kwa simu kutoka Ibra mpaka Sur. Mwaka ule mkahawa mmoja wa Nizwa ulimwagiza vitamutamu vya Halowini, ile sikukuu ya wageni ya kuvaa vinyago na kutishana. Jiko la kwao halikumtosha, akaja kwetu Ibra kutumia oveni kubwa ya bibi yake. Mke wangu alikuwa ametoka, amekwenda kumtazama jirani aliyejifungua. Kiyoyozi cha jikoni kilikuwa kinavuma kwa nguvu, chokoleti isije ikayeyuka, hata nikajitia shali mabegani.

Popo na buibui alikuwa ameshawapamba. Kilichomshinda ni mizuka. Aliyakanda makombo ya keki ya chokoleti, akayafinyanga marefu kama vidole vinene, kisha akayatupia juu kipande cha sukari nyeupe iliyosukumwa kama chapati.

"Babu, hii inatisha?"

"Hiyo? Hiyo shuka iliyoanikwa uani."

"Wallahi babu, una maneno wewe! Basi nionyeshe. Wewe si unaosha maiti kila siku? Sanda inafungwa vipi?"

Si kila siku, lakini ni kweli kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa msikitini kuosha na kukafini. Nikanawa mikono. Nikakata sukari ile vipande vitatu, nikamlaza yule mtu wa chokoleti, nikamkunja upande wa kushoto kisha wa kulia, mara tatu. Nikakata vikamba vyembamba vya sukari hiyo hiyo, nikafunga juu ya kichwa, kiunoni, na chini ya miguu.

Mjukuu wangu aliacha kucheka. "Subhanallah," alisema. "Babu, huyo mtu kabisa."

Sifa ile ilinipendeza. Nikamfunga wa pili na wa tatu, nikaendelea mpaka sinia likajaa. Nilipotazama niliona nimewalaza wote ubavu wa kulia, wanaelekea kibla. Sikukusudia. Mikono ilifanya yenyewe.

Lazima nieleze habari ya mwanetu mmoja. Alikufa kijana, hajaoa bado. Alikula chakula cha mchana pamoja nasi, akaenda kulala, hakuamka. Hakuwa mgonjwa. Katika matanga ajuza mmoja alimnong'oneza mke wangu kwamba kijana hakufa, ameghaibishwa. Waarabu wa huku wana imani hiyo, kama ilivyo kwetu Unguja habari ya msukule: mchawi humchukua mtu mzima akamtumikishe, na mahali pake huacha gogo lenye sura yake. Gogo hilo ndilo linaloliliwa, linaoshwa, linavishwa sanda na kuzikwa.

Mke wangu aliishikilia imani ile. Miaka na miaka alimwandalia mwanawe sahani, na kila mara aliniuliza: "Ulimwona uso?" Nami nilimjibu kwamba nilimwosha kwa mikono yangu, na kaburini nikamfungua, nikamlaza shavu juu ya mchanga. Pole pole aliacha kuuliza. Sahani ikaondoka mezani. Akaanza kumtaja kwa kumwita marehemu, akawa analala usingizi. Amani hiyo tuliipata kwa shida, na mimi nilijua ilivyo nyembamba.

Mke wangu aliporudi kutoka kwa jirani, mjukuu wangu alimwamkia. "Shikamoo bibi! Njoo utazame kazi ya babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona baridi hivi humu, mnagandisha ny..." Hakuimaliza kauli yake. Alikuwa analitazama sinia.

"Nani kawalaza hawa?"

"Keki tu hizo, bibi. Chokoleti."

"Nimeuliza, nani kawalaza?"

"Mimi," nikasema.

Alimnyanyua mmoja. Akafungua kamba ya miguuni, ya kiunoni, ya kichwani. Akaifunua sanda kunjo baada ya kunjo, sukari inamnatia vidoleni. Ndani mlikuwa na kile kipande cha chokoleti, cheusi, kimepasuka pasuka kama gome la mti. Hakina uso.

"Gogo," alisema.

"Keki hiyo, mke wangu. Ionje."

"Mimi nimeingia hapa nikaona watu wamelala. Nimewaona kwa macho yangu, na ndani ni magogo. Wewe siku ile uliona nini?"

"Nilimwona uso."

"Ndiyo. Hata mimi sasa hivi niliona nyuso."

Alilichukua gogo lile na sanda yake wazi, akaliweka dirishani, nje ya ubaridi wa kiyoyozi. Jua la alasiri lilikuwa limefika pale. Chokoleti ikaanza kutoka jasho. Weusi ukapenya kwenye sukari, kwanza mahali pa kifua, ukatambaa kwenda juu. Kisha kile kitu kikainama taratibu ubavuni, mfano wa mtu anayegeuka usingizini. Hakuna aliyekigusa. Mjukuu wangu alipakia vilivyobaki huku analia, akaondoka navyo.

Tangu siku ile sahani ilirudi mezani. Geti halikufungwa tena jioni. Halafu mtu akamletea habari kwamba huko Manah, katika mashamba ya mitende, ameonekana kijana mwembamba anayetilia maji na haitikii salamu. Kijana, wakati mwanetu angekuwa na mvi leo. Mke wangu hakulijali hilo. Alifunga nguo zake, akaenda kukaa Manah kwa mtoto wa dada yake.

Nilimfuata. Alinichukua mashambani kabla ya magharibi, tukapita kando ya falaj, ule mfereji unaopeleka maji kwenye mitende. Akaita jina la mwanetu, bila kupaza sauti, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Maji yakabadilisha mlio. Ilikuwa kama mtu asiyeonekana, huko mbele, ametia miguu yake mferejini. Nywele zilinisimama. Nusura nami niite.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Maji hayo."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Rudi Ibra, bwana," alisema. "Wewe ulishazika, mimi natafuta. Hatuwezi kukaa nyumba moja."

Nilirudi peke yangu. Nimekwenda tena mara nyingi, na kila mara mwenyeji wake hunipokea barazani, hunipa kahawa, huniambia bibi yuko mashambani. Mjukuu wangu humwona. Ananiambia amekonda lakini ni mzima, na kwamba habari zangu haziulizi. Simlaumu ajuza wa matangani wala mtoto aliyekuwa akitafuta riziki yake. Niliyefunga sanda zile ni mimi, nikijua nani anaishi katika nyumba ile. Zilinigharimu mke wangu. Yuko hai, yuko Manah, na hataki kuniona.