Mjapani Aliyekula Mwenzake

Katika Kasulu ya miaka ile, mtu akitaka kujua gari lipi linadumu, la Kijapani au la Kikorea, hakuhitaji kwenda kwa fundi. Hata muuza ndizi sokoni angemjibu, "Tazama ya Tharsisi." Tharsisi Niyonkuru alinunua pikapu mbili katika mwaka mmoja, wa tisini na tatu, akazipitisha barabara ile ile ya Kasulu na Kibondo, kwenye vumbi lile lile na tope lile lile. Watu waliziita Mjapani na Mkorea, kama vile ni wapangaji wawili wa nyumba moja. Mjapani aliishi. Mkorea alikufa mwezi wa nne mwaka wa tisini na tano, na dereva wake Abdalah akafa ndani yake. Nani angetaka ushahidi mwingine?

Tharsisi mwenyewe naye alifariki, kwa ugonjwa wa moyo, miaka miwili baada ya ajali hiyo. Aliyebaki kuisikia hukumu ya sokoni ni mjane wake, Mwalimu Theodosia. Kila alipoisikia alikaza kitambaa cha kichwani na kupita bila kugeuka. Watu walidhani anamlilia mumewe.

Theodosia alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana wa shule. Alijifunza Kiswahili darasani, akafika chuo cha ualimu, akafundisha hesabu mpaka akawa mwalimu mkuu. Ukoo wa mumewe nao ulivuka mwaka huo huo. Watu waliofika na mkeka na sufuria hawana shamba la babu wala kaburi la babu la kuonyesha mgeni. Mali yao ya kwanza ni jina. Akina Niyonkuru walilijenga lao kwa miaka ishirini, tofali kwa tofali, na Theodosia alikuwa mmoja wa waliokandika.

Kila alfajiri shemeji yake Ndayisenga, aliyerithi kazi ya kaka yake, alimwasha Mjapani uani. Gari halikuwahi kusita. Stata mara moja, likaguruma. Theodosia, akiwa bado kitandani, alisikia sauti mbili katika ule mngurumo mmoja: ya juu ilikuwa ya Mjapani, na ya chini, laini zaidi, ilikuwa ya yule mwingine. Kisha alisikia honi fupi mbili getini, kama Abdalah alivyozoea kuomba chai kabla ya safari. Alijua hakuna mtu getini. Hata hivyo hakuweza kushusha miguu mpaka gari liondoke.

Mabaki ya Mkorea yalikuwa nyuma ya jiko, yamefunikwa turubai. Kuku walipenda kutagia kwenye kiti cha dereva. Katika nyumba ile hakuna aliyekula mayai hayo, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini.

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na nane ilikuja barua kutoka Kibondo. Iliandikwa na Winifrida, mkunga, mwenyekiti wa kamati ya wanawake waliokuwa wakichanga fedha za gari la kuwapeleka wajawazito hospitali. Walikuwa wameonyeshwa magari mawili. Moja la Kijapani, la miaka kumi na miwili, milioni sita. Lingine la Kikorea, la miaka mitatu, milioni nne na nusu pamoja na sanduku la vipuri. "Mwalimu," aliandika Winifrida, "katika wilaya hizi mbili ni nyinyi peke yenu mliomiliki yote mawili kwa muda mrefu. Njoo utuambie lipi halitatufilisi."

Theodosia aliisoma barua mara tatu. 

Alikuwa anajua jambo ambalo soko zima halikulijua. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne, wakimbizi walipojaa Kibondo, shirika moja lilimkodi Mjapani kwa malipo ya siku. Mkataba ulisema gari la Kijapani, na gari likikosa kazi siku mbili mfululizo, mkataba unakufa. Basi Mjapani hakuruhusiwa kuugua. Mkorea aliachiwa mihogo, mbuzi na abiria wa gulio. Rejeta ya Mjapani ilipotoboka, ikafunguliwa ya Mkorea, fundi akaichonga mpaka ikaingia. Springi zilipokatika, vivyo hivyo. Stata, oltaneta, hata matairi. Mkorea alifungiwa kile kilichotolewa kwa Mjapani, kikiwa kimezibwa, kimechomelewa, kimefungwa waya.

Na siku ilipokufa masta silinda ya Mjapani, pampu inayosukuma mafuta ya breki, Jumapili moja baada ya misa, Tharsisi alisimama mlangoni akijishauri. Za Kasulu zilikuwa zimemalizwa na magari ya mashirika; mpya ilipatikana Dar, shilingi elfu sitini, wiki tatu kwa treni na lori. Theodosia alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua hata kichwa.

"Ya Dar ni elfu sitini," alisema. "Ya uani ni bure. Hesabu gani hiyo inakushinda?"

Maneno hayo ndiyo aliyoishi nayo. Alijaribu kuyafunika kwa mengine: labda Abdalah alikimbiza, labda tope, labda ni siku yake tu. Mumewe aliwaambia polisi na majirani kwamba magari ya Kikorea ni mabati ya biskuti, na alipoulizwa zaidi aliongeza kwa sauti ya chini, "Sijui naye alipita kunywa nini njiani." Abdalah, mtu wa Ujiji, Mwislamu asiyekosa swala, akazikwa na neno hilo. Theodosia alikuwa amesimama pale pale, amenyamaza.

Kabla ya kuijibu barua alikwenda kwa Reverien, fundi aliyezihudumia pikapu zote mbili. Alimkuta chini ya trekta, miguu nje.

"Bwakeye, Reverien," alimwamkia kwa Kirundi.

"Ego, Mwalimu. Karibu kwenye marashi yangu." Alijivuta nje, akajifuta grisi. Alipoiona sura yake, mzaha ukamtoka.

"Nataka kujua kitu kimoja. Ulifungua breki za Mkorea baada ya ajali?"

Reverien alitazama barabarani, kisha akaitazama spana yake. "Mzee alinikataza kusema."

"Mzee amelala. Mimi ndiye ninayeuliza."

"Nilifungua. Ile masta silinda ya zamani, niliyoitoa kwa Mjapani, mipira yake ilikuwa imekwisha kabisa. Ukikanyaga, pedali inakwenda mpaka sakafuni kama unakanyaga uji. Nilimwambia Mzee tangu siku ya kuifunga: hii ni ya kusogezea gari uani, si ya kushukia mteremko wa mto Malagarasi. Akasema wiki tatu tu. Zikawa miezi minne." Aliiweka spana chini. "Abdalah alikuja kwangu siku mbili kabla. Akasema, fundi, huyu Mkorea ananitisha. Nikamwambia aendeshe polepole. Ndilo neno nililompa, Mwalimu."

Mbele yao kuku alikuwa anaparua kwenye mafuta machafu.

"Na kama ungeulizwa kwa haki," Theodosia alisema mwishoni, "lipi ni gari?"

"Kwa haki? Miaka ya kwanza Mkorea ndiye aliyekuwa mzima. Hakuchemsha hata mara moja kwenye vilima vya Kitanga, na oili hakula. Mjapani alikuwa mzee amepakwa rangi. Ila Mjapani akivunjika Kasulu anapona Kasulu. Kipuri chake utakikuta hata kwa muuza chumvi. Mkorea akivunjika Kasulu, dawa yake iko Dar. Hiyo ndiyo gharama yake, na si ndogo. Hayo mengine ya sokoni ni uongo. Mjapani wako hakushinda, Mwalimu. Alimla mwenzake."

Siku ya mkutano wa kamati Ndayisenga alisisitiza kumpeleka Kibondo mwenyewe, ndani ya Mjapani. Alikuwa amelivaa koti la kaka yake.

"Shemeji, ni jambo dogo hili," alisema akiendesha kwa mkono mmoja. "Waambie Mjapani, tupewe soda, turudi. Hata gari lenyewe ni ushahidi. Litaegeshwa hapo nje wote wakilitazama."

"Na kama si kweli?"

"Kweli ipi tena? Kaka alisema, watu wakakubali. Jina la ukoo si shati, useme ulivue ulifue."

Walifika kwenye mteremko wa Malagarasi. Ndayisenga alikanyaga breki, gari likatii mara moja, kwa utulivu, kama ng'ombe aliyezoea mchungaji. Theodosia aliishika dashibodi kwa mikono miwili. Alijua ni breki ya nani iliyokuwa inawashikilia. Kushoto, chini ya barabara, miche ya mikaratusi ilikuwa imeota pale udongo ulipochimbuliwa na Mkorea akibingirika. Aliona, au alidhani ameona, mtu amesimama kati ya miche hiyo, mkono kiunoni, anasubiri lifti. Hakumwambia shemeji yake asimame.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa moja la shule ya msingi. Wanawake wapatao thelathini walijibana kwenye madawati ya watoto. Winifrida, mnene, mwenye sauti ya kufukuza nyani, alipiga meza.

"Jamani, tumechoka kuzalia kwenye baiskeli! Mwaka jana nimempokea mtoto juu ya keria, akatoka na alama za vyuma mgongoni." Darasa likacheka. "Leo tuna wageni. Watuambie tununue lipi, tusije tukanunua jeneza la milioni nne."

Ndayisenga aliinuka kabla ya kuitwa. "Akina mama, tazameni nje. Lile pale. Miaka mitano, halijakosa kazi hata siku moja. Kaka yangu marehemu alijaribu yote mawili kwa fedha yake ili nyinyi msijaribu kwa yenu. Mkorea ni bati."

"Mwenye macho haambiwi tazama!" akadakia mmoja, na wengi wakaitikia. Winifrida alikuwa tayari ameshika kalamu.

Ndipo sauti ikatoka dawati la nyuma. "Mwalimu hajasema."

Alikuwa Mwamvua, mjane wa Abdalah. Baada ya msiba alihamia Kibondo kwa dada yake, akauza vitumbua karibu na stendi. Theodosia hakuwa ameonana naye kwa miaka mitatu, na hakujua kwamba ni mwanakamati.

"Bwana huyu alikuwa bado kijana wakati ule," Mwamvua aliendelea, bila ukali. "Marehemu mume wangu aliniambia, pale nyumbani anayepiga hesabu ni Mwalimu. Basi aseme yeye. Hesabu si ni zake?"

Hakuwa na nia mbaya. Theodosia aliona wazi kwamba hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomwinua kutoka kwenye dawati. Angeweza bado kusema neno moja. Neno "Mjapani" ni fupi, na lilikuwa limekaa ulimini.

"Msiandike alichosema shemeji yangu," alisema. "Gari lile nje halijadumu. Limelishwa."

Aliwaeleza. Hakupunguza. Alitaja rejeta, springi, stata, tairi. Alipofika kwenye masta silinda alitaja Jumapili, alitaja elfu sitini, na aliyarudia maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema. Akasema Abdalah hakunywa kitu, alikanyaga pedali isiyokuwa na breki. Akasema mume wake alijua, na yeye mwenyewe alijua nusu, na ile nusu nyingine alikataa kuiuliza.

Ndayisenga alikuwa ameinuka tena, ufunguo wa gari mkononi.

"Shemeji," alisema polepole, "umemfukua kaka yangu." Akatoka. Mara wakasikia Mjapani akipigwa stata moja tu, akiguruma, akienda zake.

Winifrida aliiweka kalamu chini. Alikuwa mkunga, amezoea kwamba baada ya damu kazi bado iko. "Sasa, Mwalimu, sisi tununue lipi?"

"La Kijapani linapona hapa hapa, la Kikorea linapona Dar. Lile sanduku la vipuri mpelekeeni fundi Reverien wa Kasulu alihesabu. Kama lina breki na rejeta, la Kikorea litawagharimu kidogo kwa miaka mitatu. Likiisha sanduku, litawagharimu sana. Lakini wekeni fedha ya kipuri kabla ya fedha ya gari. Kama haipo, endeleeni na baiskeli."

Wanawake walianza kunong'ona, kisha kubishana. Theodosia hakuwasikiliza. Mwamvua alikuwa anakuja kati ya madawati, kanga yake ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Alisimama mbele yake.

"Mwanangu aliacha shule Kasulu," alisema. "Walimwita mtoto wa mlevi. Ulikuwa mwalimu mkuu pale."

"Nilikuwa."

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

Mwamvua alitikisa kichwa mara moja, kama anayefukuza nzi. "Haya ya leo umeyasema Kibondo. Hapa hakuna aliyemtukana. Utayasema Kasulu?"

"Jumamosi, siku ya gulio."

"Leo Jumatano. Kwa nini Jumamosi?"

Theodosia alifikiria nyumba, na akina Niyonkuru watakaokuwa wamekaa uani wakimsubiri, kwa maana Ndayisenga angefika mbele yake. Alifikiria kiti kwenye kanisa, na salamu ambazo hazitaitikiwa tena. "Sina sababu," alisema.

"Basi kuna lori la mahindi linaondoka saa nane. Nitakuja nawe, nisikie kwa masikio yangu."

Walitoka nje kwenye jua. Uwanjani palibaki alama za matairi na doa la oili, likipanuka taratibu kwenye vumbi. Njia ya kwenda stendi ilikuwa na makorongo ya mvua, na kwenye la kwanza Theodosia, mwenye viatu vya mkutano, aliteleza, akanyoosha mkono upande wa mwenzake.

"Tembea tu, Mwalimu," Mwamvua alisema, akitazama mbele. "Tutakwenda pamoja. Ila usinishike."