Sekunde Nne za Rénovat

"Rimwe, kabiri, gatatu." Hesabu ya Kirundi, kwa sauti nzito ya mtu mwenye mafua, kisha mguu ukagonga sakafu mara moja. Gaudiose alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala la tumbaku, mimba ya miezi minne tumboni, ameambiwa asikohoe. Hakukohoa. Magitaa yakaingia.

Hiyo ilikuwa mwaka 1985. Rénovat, mumewe, hakuwa mwimbaji. Alipiga gitaa katika Milala Jazz, vijana sita wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na wa Mpanda mjini, na kazi pekee ya mdomo wake ilikuwa kuhesabu ili wenzake waanze pamoja. Walirekodi albamu moja tu, Asali ya Inyonga, kwa mashine ya padre mmoja mgeni ambaye baadaye alirudi kwao na mashine yake. Nakala ilipelekwa redioni. Watu wakaicheza harusini mpaka Sumbawanga, ila hesabu ya mwanzo hawakuisikia. Redioni waliikata, waliona haina kazi.

Miezi miwili baadaye Rénovat alipanda boti pale Ikola kwenda kupiga muziki ng'ambo ya ziwa. Boti haikufika. Hakukuwa na mwili wa kuzika, na picha zake mbili alikuwa nazo mfukoni. Alichoacha nyumbani ni ile kanda yenyewe ya kwanza, gurudumu pana kama sahani, ndani ya kopo la bati.

Gaudiose aliitunza kama alivyofundishwa kutunza kitu kisichotakiwa kupotea. Aliiweka kwenye uchaga, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu, mahali ambapo moshi haumruhusu dumuzi wala mchwa. Mahindi ya kula huliwa, ya kuuza huuzwa. Ya mbegu hayaguswi hata mwaka wa njaa. Alipohama Katumba kuja Kawajense alijenga jiko lenye uchaga, na kopo likapanda mahali pake. Alipopata uraia, alipoanza kuuza dagaa sokoni, alipoota mvi, kopo lilikuwa pale pale, linazidi kuwa jeusi.

Mtoto aliyezaliwa baada ya boti ile ni Emelyne, leo mwalimu wa shule ya msingi. Tangu utoto aliuliza jambo moja.

"Mama, baba alikuwa anaongeaje?"

Gaudiose alijaribu kuigiza. Kila mwaka sauti aliyoitoa ilikuwa tofauti na ya mwaka uliopita, na mwenyewe alijua. Mwisho akawa anasema, "Yuko kwenye kopo. Siku ikipatikana mashine, utamsikia." Emelyne akakua na ahadi hiyo kama wengine wanavyokua na shamba la urithi.

Siku ikapatikana. Kampuni moja ya nje ilitaka kuitoa upya Asali ya Inyonga, sauti ikiwa imesafishwa, kwenye santuri na kwenye simu. Fundi wao wa sauti, kijana wa Dar es Salaam aitwaye Nathanael, akapiga simu.

"Mama, naomba msiifungue kabisa. Nakuja mwenyewe kwa treni."

Sokoni Scolastica, Mfipa aliyeuza mchele wa Kibaoni meza ya jirani, hakumpa nafasi ya kupumua. "Haya, mke wa msanii! Wazungu wakishakuchukua utaanza kula dagaa kwa uma."

"Na wewe nitakuajiri uniondolee dagaa vichwa," Gaudiose akajibu, na meza nzima ikacheka. Zilikuwa zimepita siku nyingi tangu acheke hivyo.

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, Emelyne akiwa shuleni, aliteremsha kopo. Masizi yakamjaa viganjani. Akatahayari. Kwao chombo hakikabidhiwi kwa mgeni kikiwa kichafu. Hata sufuria ya kuazima hurudi imeng'arishwa kuliko ilivyokuja. Mtu atoke Dar es Salaam, siku mbili kwenye treni, aje apewe kitu kama hiki? Akalisugua kopo kwa majivu. Kisha akakifungua kifuniko kwa kisu ili afute na ukingo wa ndani, akaona ukanda wenyewe unanata, umekolea rangi kama sakafu ya jiko.

Alichemsha maji yawe vuguvugu. Alikata kipande cha sabuni ya mche. Akavuta ukanda, hatua kwa hatua, akafuta kwa kitambaa laini kama anayemwogesha kichanga, akakausha kwa kanga, akaukunja tena taratibu. Maji yakageuka kahawia.

"Mawe!" akajisemea, mama wee ya Kirundi. "Uchafu wote huu ulikuwa humu!"

Alifurahi. Akamwaga, akaweka mengine. Hayo nayo yakawa kahawia. Beseni la tatu lilipoanza kubadilika rangi, alisikia Emelyne akisalimiana na majirani njiani, akairudisha kanda koponi upesi na kufunga. Sehemu kubwa ya kanda ilibaki bila kuoshwa, na hilo lilimsikitisha.

Nathanael alilipokea kopo kwa mikono miwili. Halikuwa na doa. Gaudiose aliona fahari.

Wiki tatu baadaye simu ilipigwa. Emelyne akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Dada, nyimbo zote zimepona," Nathanael alisema. "Ila mwanzo wa ule wa kwanza hauna kitu. Umefutika kabisa. Tumechukua kwenye nakala ya redio kuziba pengo, na pale hesabu haipo."

"Imefutikaje?"

"Sauti inakaa kwenye ule unga wa kahawia uliopakwa juu ya ukanda. Unga ukitoka, sauti imetoka. Pale mwanzoni umetoka wote, imebaki plastiki tu." Kisha akamuuliza Gaudiose, "Mama, samahani, kuna maji yaliwahi kuingia?"

Emelyne akamtazama mama yake. Gaudiose aliyaona mabeseni matatu, na mahali nyuma ya jiko alipoyamwaga, kwenye mashina ya maboga. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Hapana, baba. Ilikaa juu ya moto. Maji yangetoka wapi?"

"Sawa, mama," fundi akasema. Hakuuliza tena.

Aliyeuliza ni Emelyne, na jibu alijipa mwenyewe. Kitu kimekaa salama miaka arobaini, kimekwenda kuharibikia kwa fundi wiki tatu. Akaandika malalamiko kwa kampuni. Akaandika tena. Jibu likaja kwa adabu nyingi: wanasikitika, na fundi huyo hatapewa kazi yao nyingine.

"Angalau," Emelyne alisema, akaweka simu mezani. Halafu akalia, mtu mzima wa miaka karibu arobaini, kichwa mapajani kwa mama yake. "Nilikuwa nataka kusikia mara moja tu. Hata kama ni namba."

Gaudiose alishika kichwa kile na asiseme. Alikusudia kusema asubuhi. Asubuhi Emelyne akawahi shule. Alikusudia Jumapili baada ya misa. Jumapili wakaja wageni. Chakula kikaanza kumshinda. Sokoni alikosea kupima, Scolastica akamsimamia meza bila utani. Siku moja, peke yake jikoni, alijaribu kuhesabu kwa sauti ya Rénovat, akasikia ya bibi kizee mwenye pumu. Akajaribu tena. Ndipo alipotambua kwamba hata kichwani sauti haikuwa ya Rénovat tena, ile nzito, yenye mafua. Aliyakumbuka maneno yanayoielezea tu.

Santuri zilifika kwa treni mwezi wa nane, na aliyezileta ni Nathanael. Kazi yake ilikwishakatishwa, lakini alisema mzigo wa wenyewe huwezi kuutupa kwa karani wa stesheni. Zikapigwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia. Muziki ulikuwa safi mno. Gitaa la Rénovat lilitoka upande wa kushoto, kila uzi peke yake. Wazee waliosahau magoti yao walicheza. Scolastica alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamwanguka.

Emelyne hakucheza. Alivuka ukumbi mpaka kwenye spika, alipokuwa Nathanael.

"Umekuja kutuonyesha ulivyoosha vizuri?"

"Shikamoo, mwalimu," kijana akasema.

"Usinipe shikamoo. Mimi sijawahi kumsikia baba yangu, unaelewa? Hata siku moja. Alikuwa na sekunde nne tu duniani, na wewe ukazichezea!"

Waliokuwa karibu wakaacha kucheza. Nathanael aligeuza macho, yakakutana na ya Gaudiose aliyekuwa ameketi benchi la mbele. Hayakuwa na hasira. Gaudiose akafahamu kwamba anajua. Labda alijua tangu siku ile, kopo lilipomnukia sabuni.

"Naomba unisamehe, dada," Nathanael akamwambia Emelyne. "Nilipaswa kuwa mwangalifu zaidi."

"Samahani yako nitaisikiliza kwa mashine gani?"

Gaudiose alisimama. Hatua kutoka benchi mpaka pale zilikuwa sita au saba, na kila moja ilikuwa kama safari. Akamshika mwanawe kiwiko. Muziki ulikuwa juu, ikabidi Emelyne ainame ndipo asikie.

"Mwache, mwanangu. Niliiosha mimi, kwa sabuni."