Fundi Fulana na Barakoa Zilizozibwa na Wino

Nyinyi mnaonijazia maoni kila nikitaja barakoa, eti "Corona si iliisha, mbona unatuchosha?", hebu tulieni kidogo niwasimulie habari za Fundi Fulana. Mwenyewe hana makuu. Anachapa picha kwenye fulana, chumba kimoja, meza moja, kucha zina rangi utadhani amezaliwa nazo.

Ana dada yake mkubwa, mchoraji. Corona ilimpiga huyo dada, ikaondoka, ila mapafu ikayaachia makovu. Tangu hapo haingii penye msongamano. Anachorea chumbani, mdogo wake anapeleka, watu wanasifia, yeye anaona kwenye simu.

Juzi wasanii wenzao wakaandaa maonyesho ya kuiunga mkono Palestina. Dada akachora tawi kubwa la mzeituni. Fundi akawaambia wenzake, "Safari hii dada anakuja mwenyewe. Kila atakayeingia ukumbini avae barakoa."

Kuna mshairi tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo haulali. Akauliza, "Barakoa na Gaza wapi na wapi?"

"Huwezi kumlilia mtu wa mbali aliyekosa hospitali, halafu ukamkoholea wa karibu asiye na mapafu."

Kasuku akakubali bila ubishi. Ajabu hiyo.

Sasa sikia balaa. Fundi akapata maboksi ya barakoa nzuri, nyeupe. Angezigawa tu, basi. Lakini mtu wa kuchapa akiona kitu cheupe mikono inamuwasha. Akazichapa zote lile tawi, kijani upande mzima wa mbele. Zilipendeza, sikatai. Asubuhi ya maonyesho akampelekea dada yake moja.

Dada akavaa, akavuta pumzi, akavua.

"Mdogo wangu, umeziba."

"Nimeziba nini?"

"Wino umejaa kwenye vitundu. Hewa inapita huku mashavuni. Hili ni pambo. Nenda tu, nitaona kwenye simu."

Hilo la simu ndilo lililomchoma. Akarudi ukumbini akawaeleza wenzake alichofanya. Kasuku alimcheka mpaka akakaa chini, kisha akafungua mkoba akatoa barakoa zake za akiba. Wengine wakakimbia makwao kuleta zao. Bado hazikutosha. Wakakubaliana: mwenye barakoa ndani, asiye nayo asimame nje, na madirisha yote wazi. Fundi ile aliyogawiwa akampa bibi mmoja mwenye mkongojo.

Akapiga simu. "Dada, njoo. Za leo hazina hata jani."

Akaja. Akasimama kando ya mchoro wake, watu wanamuuliza hili na lile, na yeye anawajibu ana kwa ana. Fundi yuko nje, kichwa dirishani.

"Tawi langu umelitundika limepinda," dada akamwambia.

"Niko nje, nitalinyooshaje?"

"Baki hukohuko, usinikoholee."

Kasuku akaghani shairi lake la watoto wa Gaza, ukumbi mzima ukasikiliza, hata sisi wa madirishani. Ndiyo, na mimi nilikuwa nje, nilikuja mikono mitupu. Dada alikaa mpaka viti vikaanza kukunjwa, na alipotoka alikuwa anabishana na watu wawili kuhusu rangi ya kijani.

Kwa hiyo wewe, ukija kwenye mkusanyiko wetu ujao, njoo na barakoa mbili: yako, na ya mwenzio aliyesahau.